KITUO CHA WATOTO HAKIPIMWI KWA IDADI YA VICHWA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama wanachama, Tanga)



Nimetakiwa niseme juu ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Baadhi ya vyama vyetu vinaviendesha, na vingine vimo katika kutafakari kuvianzisha. Sikuitwa hapa kwa kuwa mimi ni bingwa wa elimu ya watoto. Nimekuwa katibu wa chama cha msingi kwa miaka mingi, na katika taarifa zangu za mwaka nilitenda kosa moja ambalo nisingependa ninyi mlirudie.

Kila mwaka, chini ya kichwa cha maneno "Huduma kwa Jamii", niliandika hivi: "Chama kina kituo cha watoto. Jengo ni la matofali na mabati. Watoto kwa wastani ni 40. Kituo kinaendelea vizuri." Mkutano mkuu ulipiga makofi, nasi tukapita kwenye ajenda iliyofuata. Maneno hayo yote yalikuwa kweli isipokuwa sentensi ya mwisho, ambayo sikuwa na haki ya kuiandika, kwa sababu sikuwa nimepima kitu chochote.

Jioni moja nilimkuta mjukuu wangu wa miaka minne akicheza peke yake uani. Alikuwa amepanga vifuu kwa mistari, naye ameshika ufito. Kila alipopita mbele ya kifuu alikigonga na kusema, "Kimya! Fumba mdomo!" Nikamwuliza, "Unacheza nini, babu?" Akajibu, "Nacheza chekechea. Hawa watoto, mimi mwalimu." Nikamwuliza tena, "Na mwalimu wenu hufanya nini kingine?" Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Huenda kukoroga uji."

Siku ya pili yake nilikwenda kituoni bila kutoa habari. Ilikuwa siku ya bamvua. Nilihesabu watoto 64 na mlezi mmoja. Uji ulikuwa jikoni, watoto walikuwa wamekaa sakafuni kwa mistari, na yule mama alikuwa akikimbia huku na huku. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto 64, sufuria moja, na mshahara ambao sisi wenyewe wa kamati tulikuwa hatujamlipa kwa miezi mitatu. Kama angewaacha watoto waseme na watembee, mmoja wao angeweza kuunguzwa na moto au kutumbukia kisimani. Kwa hiyo aliwanyamazisha. Mwanangu alikuwa akinitumia mjukuu yule mwenye maneno mengi, na chama changu kilikuwa kikimfundisha kunyamaza.

Tunajua kupima, hapa tumesahau

Ndugu zangu, sisi watu wa Tanga hatukosi ujuzi wa kupima ubora. Katika mkonge, ambao Dakta Richard Hindorf aliuleta pwani hii mwaka 1893, hakuna mtu anunuaye singa kwa kuhesabu robota peke yake. Singa hupangwa kwa madaraja kwa kutazama urefu, rangi na usafi wake. Katika maziwa, ambayo yameipatia Tanga sifa kubwa tangu chama kikuu cha wafugaji kilipoanzishwa mwaka 1993, karani wa kituo cha kukusanyia hatosheki na lita. Hutumbukiza kipimo cha uzito wa maziwa, hutia spiriti kuona kama yataganda, naye huyanusa. Mwanachama akileta lita kumi zilizotiwa maji huambiwa arudi nazo nyumbani.

Lakini ikiwa maziwa ya ng'ombe tunayapima hivyo, kwa nini kituo cha watoto wetu tunakipima kwa lita tu, yaani kwa idadi ya vichwa?

Sababu moja ni ya historia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vituo vya watoto vilipoenea vijijini kwa juhudi za Umoja wa Wanawake na serikali, shabaha kubwa ilikuwa kumpa mama nafasi ya kwenda shamba na kumpatia mtoto uji. Shabaha hiyo ilikuwa njema, na ingali njema. Mama wa mwani wa Mkinga au Pangani hawezi kumbeba mtoto mgongoni huku amesimama katika maji ya magoti. Hata hivyo, kituo kilichoanzishwa ili kumsaidia mama huelekea kupimwa kwa kuhesabu akina mama waliosaidiwa. Mtoto mwenyewe husahauliwa katika hesabu.

Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana ilitungwa mwaka 1981, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria inadai kituo kiandikishwe na kikaguliwe, na chama chochote ambacho hakijafanya hivyo kifanye upesi. Lakini cheti ukutani ni mwanzo tu wa ubora.

Ubora wa vitu na ubora wa mwenendo

Wataalamu huugawa ubora wa kituo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vitu vinavyohesabika: jengo, choo, maji, eneo la kuchezea, idadi ya watoto kwa kila mlezi, na mafunzo ya mlezi. Kwa madarasa ya awali, kwa mfano, kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Fungu la pili ni la mwenendo, yaani mambo yanayopita kati ya mlezi na mtoto tangu asubuhi hata mtoto achukuliwe. Je, mlezi humwita kwa jina? Humjibu anapouliza? Humwacha ajaribu? Humbembeleza anapolia, au humkaripia?

Fungu la kwanza hulisaidia la pili, lakini haliwezi kushika mahali pake. Mlezi mmoja hawezi kuzungumza na watoto 64. Kwa hiyo idadi ni muhimu. Lakini pia walezi watatu wanaweza kukaa kivulini wakisukana nywele huku watoto wamefungiwa ndani ya jengo jipya la kupendeza.

Mwenendo una uzito huo kwa sababu ya jinsi mtoto anavyokua. Ubongo hukua kwa kasi kubwa mno katika miaka ya kwanza; mtoto afikapo miaka mitatu, ukubwa wa ubongo wake umekaribia sehemu nne katika tano za ule wa mtu mzima. Ukuaji huo hutaka chakula, lakini hutaka pia maneno. Mtoto hutoa sauti, mkubwa hujibu, mtoto hujibu tena; na katika kupokezana huko ndipo lugha, fikira na utulivu wa moyo hujengeka. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walikubaliana juu ya mambo matano ambayo mtoto hana budi kuyapata kwa pamoja: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yenye kumwitikia, ulinzi na usalama, na nafasi ya kujifunza mapema. Serikali yetu imeyashika mambo hayo matano katika programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Desemba mwaka 2021.

Baadhi yenu mtasema: wazee wetu walilelewa bila vituo wala vipimo. Ni kweli, lakini hawakulelewa na mtu mmoja kwa watoto 64. Uani kulikuwa na bibi, shangazi, mama mkubwa na dada. Kulikuwa na hadithi na vitendawili jioni. Kulikuwa na chuo ambako mwalimu alimjua kila mtoto na baba yake. Tunapomtoa mtoto katika mikono hiyo mingi na kumpeleka kituoni, tunapaswa kujua kama tumempa zaidi au tumempunguzia.

Uchunguzi umeonyesha nini

Nitataja ushahidi wa sehemu tatu, nikianza na ulio karibu nasi.

Katika miaka ya 1980, huko Mombasa, viongozi wa jumuiya ya Waislamu walitaka watoto wao wapate maandalizi ya shule bila kuacha malezi ya dini. Kwa msaada wa Shirika la Aga Khan ulianzishwa mpango wa chekechea za madrasa, na Bi Swafiya Said akawa kiongozi wake wa mwanzo katika kuwafundisha walezi. Akina mama wa mtaa wenyewe walifunzwa ulezi, kamati za wenyeji ziliendesha vituo, na vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana pale pale. Mpango huo ukaenea Zanzibar na Uganda. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walilinganisha watoto wa chekechea hizo, watoto wa chekechea nyingine, na watoto waliobaki nyumbani, katika nchi hizo tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 na 2011. Watoto waliokwenda chekechea za namna yoyote waliendelea kuliko waliobaki nyumbani katika majaribio ya fikira na lugha, na wale wa chekechea za madrasa waliendelea zaidi. Vituo hivyo vilipopimwa kwa kipimo cha mazingira ya kituo kilichotungwa Marekani na Thelma Harms na Richard Clifford mwaka 1980, ambacho hutoa alama tangu 1 mpaka 7, vile vya madrasa vilipata alama bora kuliko vingine. Natija hiyo haikutokana na majumba ya fahari.

Ushahidi wa pili ni wa Marekani. Tangu mwaka 1991 watafiti walifuata watoto zaidi ya 1,300 kuanzia kuzaliwa. Waliona kwamba watoto waliopata malezi bora nje ya nyumba walitangulia katika lugha na fikira, lakini kwa kadiri ndogo, na kwamba nguvu ya nyumbani ilikuwa kubwa kuliko nguvu ya kituo. Nalitaja hili ili tusidanganyane. Kituo kizuri hakimgeuzi mtoto kuwa mwingine, humwongezea. Mahali ambapo nyumbani pana upungufu, nyongeza hiyo ina thamani zaidi.

Wa tatu ni wa jimbo la Québec nchini Kanada. Mwaka 1997 serikali ya huko ilianza kutoa malezi ya mchana kwa dola 5 tu kwa siku. Akina mama wengi wakapata kazi, na kwa hesabu ya vichwa mpango ulifaulu sana. Lakini uchunguzi uliofuata uliona dalili za ugomvi na wasiwasi zikiongezeka kwa watoto. Na vituo vilipokaguliwa, vingi vilionekana kuwa vya ubora wa kadiri tu. Vilivyoonekana bora zaidi kwa jumla ni vile visivyotafuta faida, ambavyo vinaongozwa na bodi ambazo wengi wa wajumbe wake ni wazazi. Sisi wana-ushirika tulitie moyoni jambo hilo. Kituo chenye wenyewe kinaweza kuwa bora, ikiwa wenyewe wanakitazama.

Namna ya kupima

Hapa Tanzania kimekwisha kutumika kipimo kilichotayarishwa kwa ushirikiano wa UNESCO, UNICEF, Benki ya Dunia na Taasisi ya Brookings, kazi iliyoanza mwaka 2014. Kina sehemu mbili: moja hutazama kituo, nyingine hutazama makuzi ya watoto. Hatuna uwezo wa kukitumia chote katika kila chama, lakini tunaweza kushika msingi wake: mpimaji hukaa asubuhi nzima, huandika anachokiona na si anachoambiwa, na wapimaji wawili hupima mbali mbali kisha hulinganisha. Wakitofautiana sana, kipimo hakijawa kipimo.

Kwa desturi hiyo napendekeza daftari lenye mambo matano.

Kwanza, idadi. Hesabu watoto na walezi saa nne asubuhi, katika siku ambayo watu ni wengi. Kwa vyama vya pwani siku hiyo ni ya bamvua, wakati wa mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali na akina mama wote wameshuka kwenye mwani. Wastani wangu wa watoto 40 ulipatikana kwa kuchanganya siku za bamvua na siku za maji mafu. Wastani huo haukumlinda mtoto hata mmoja katika siku ya 64. Kwa vyama vya maziwa, tazama saa ya kufungua: mama apelekaye maziwa alfajiri humwacha nani na mtoto kabla mlezi hajafika?

Pili, mazungumzo. Chagua watoto watatu: mmoja mwenye maneno, mmoja mkimya, na mmoja aliye mdogo kuliko wote. Mtazame kila mmoja kwa dakika kumi. Andika ni mara ngapi mkubwa amesema naye peke yake, ni amri ngapi, ni maswali mangapi, na mtoto amejibu mara ngapi. Hiki ndicho kipimo cha spiriti katika maziwa. Nilipokifanya mara ya kwanza katika kituo chetu, kwa yule mtoto mkimya niliandika sufuri mara tatu: hakuambiwa neno, hakuulizwa neno, hakusema neno.

Tatu, mchezo. Hesabu vitu ambavyo mtoto anaweza kuvifikia na kuvitwaa bila kuomba ruhusa. Havihitaji fedha: vifuu, simbi za pwani, vizibo, vibao vya fundi seremala, mchanga, kamba za mkonge. Vitu vya plastiki vilivyofungiwa kabatini ili wageni wavione visihesabiwe.

Nne, mwili na usalama. Uji hutolewa saa ngapi, na una nini ndani yake? Maji ya kunawa yapo karibu na choo? Kisima kimefunikwa? Jiko liko mbali na watoto? Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto? Tazama pia kadi za kliniki. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mlezi ajuaye kusoma kadi anaweza kumwona mtoto anayerudi nyuma kabla hajafika mbali.

Tano, mlezi mwenyewe. Amelipwa tarehe ngapi mwezi uliopita? Amepata mafunzo siku ngapi mwaka huu? Amekaa kituoni muda gani, na kabla yake walipita wangapi? Mtoto mdogo humzoea mtu, si jengo. Walezi wakibadilika kila baada ya miezi michache, mtoto huanza upya kila mara.

Tahadhari mbili

Tahadhari ya kwanza ni juu ya kuwapima watoto wenyewe. Tusiwape mitihani. Inatosha mlezi na mzazi kuandika pamoja, mtoto anapoingia na tena baada ya mwaka, mambo anayoyaweza: kusema sentensi kamili, kusimulia jambo la jana, kuruka kwa mguu mmoja, kuvaa mwenyewe, kungoja zamu yake, kucheza na wenziwe. Wala tusilinganishe kituo na kituo kwa watoto wanavyotoka tu. Kituo kilicho karibu na mji, chenye watoto wa walimu na makarani, kitaonekana bora hata kama mlezi wake amelala. La haki ni kutazama mtoto aliingia na nini na akatoka na nini.

Tahadhari ya pili ni juu ya shabaha. Mkipima ili kumwaibisha mlezi, atajifunza kuwapanga watoto vizuri siku ya ukaguzi, nanyi mtarudi na alama za uwongo. Kipimo cha kituo ni kipimo cha kamati kwanza. Katika mambo matano niliyoyataja, mlezi peke yake hawezi kurekebisha hata mawili bila fedha na uamuzi wa chama.

Uamuzi ulio mbele yenu

Katika chama chetu, mwaka ule nilipohesabu watoto 64, kamati ilikuwa na fedha kidogo za huduma kwa jamii. Zilikuwa zimekwisha kutengwa kwa ajili ya kupaka jengo rangi na kuandika jina la chama ukutani. Nilisoma daftari langu mbele ya mkutano, pamoja na zile sufuri tatu. Mabishano yalikuwa makali. Mzee mmoja alisema kwamba rangi inaonekana barabarani, na mlezi wa pili haonekani. Mama mmoja mkulima wa mwani akamjibu, "Mimi sipitii barabarani. Mimi mwanangu yumo ndani." Kura zikapigwa. Fedha zikalipa malimbikizo ya mlezi na kuajiri wa pili, na siku za bamvua akina mama wenyewe wakawekeana zamu ya jikoni ili walezi wote wawili wabaki na watoto.

Jengo letu mpaka leo halina rangi. Nilipopima tena baada ya mwaka, mtoto mkimya wa safari hiyo aliambiwa maneno mara saba katika dakika kumi, naye akajibu mara nne. Sidai kwamba tumemaliza. Nasema kwamba sasa, ninapoandika "kituo kinaendelea vizuri" au "hakiendelei vizuri", nina haki ya kuandika.

Mwaka 1995 wana-ushirika wa dunia, walipokutana Manchester, waliongeza msingi wa saba wa ushirika, nao ni kuijali jamii. Naomba tuutimize kwa maazimio matatu. La kwanza, kila chama chenye kituo kipimwe kabla ya mkutano mkuu ujao na watu wawili kutoka chama kingine, nacho kikapime kituo cha wenzake. La pili, matokeo yasomwe mbele ya wanachama pamoja na hesabu za fedha, siyo baada yake watu wanapoondoka. La tatu, chama kisichoweza kuwalipa walezi wa kutosha kwa siku ya bamvua kisifungue kituo mpaka kiweze.

Wahenga walisema udongo upatilize ungali maji. Udongo wetu tunao, na bado u maji. Tusiendelee kuhesabu vyungu bila kutazama ndani yake.